Raba Zimeandikwa, Mguu Umesahauliwa

Kuna maandishi ambayo vijana wa Nairobi huyasoma kwa makini kiasi cha kumtia wivu mwandishi yeyote wa riwaya: mapitio ya raba za kukimbia. Msee ambaye hajamaliza kitabu tangu atoke sekondari atakaa na simu hadi saa sita usiku akisoma kurasa na kurasa kuhusu povu la soli. Anasoma aya, anarudi nyuma, anatilia shaka, anatafuta mwandishi wa pili ampinge wa kwanza. Huo ndio usomaji ambao walimu wetu walitulilia tuufanye na tukakataa. Kwa hivyo nimeona niyachukulie maandishi haya kama fasihi, maana ndivyo yanavyosomwa, na niyaulize maswali ya kawaida ya uhakiki: nani anasema, anamwambia nani, na ameacha nini nje.

Si mchezo, kwa sababu kuna pesa na kuna magoti. Wikendi Karura imejaa watu walioanza kukimbia juzi. Wengi wanafanya kilomita tatu, wanapata raha, wanasoma mapitio, wananunua raba mpya ya 18,000, ambayo kwa wengine ni kodi ya mwezi mzima, na wiki ya sita wanachechemea. Halafu wanajilaumu wao wenyewe: mimi si wa kukimbia, mguu wangu ni mbaya. Hawalaumu maandishi. Mimi nataka kuyalaumu kidogo.

Fungua mapitio yoyote. Yataanza na uzito kwa gramu, kisha unene wa soli kwa milimita, kisha tofauti ya kimo kati ya kisigino na vidole, kisha jina la povu ambalo daima lina herufi X au Z mahali fulani. Baada ya hapo vivumishi vinaingia kama wageni wa harusi: laini, changamfu, yenye kukurudishia nguvu. Mwishoni kuna hukumu. Mwandishi mwenyewe hatumjui. Ana kilo ngapi? Wayo wake ni mpana au mwembamba? Kilomita moja anaimaliza kwa dakika nne au saba? Alikimbilia lami, murram, au mashine ya gym? Alizivaa mara ngapi kabla ya kuandika? Raba iliyo laini chini ya mtu wa kilo 58 inaweza kuwa tope chini ya mtu wa kilo 90. Mhakiki akituambia kitabu ni kizuri bila kutuonyesha alichokisoma na alivyokisoma, tungemcheka. Huyu wa raba tunamtumia M-Pesa, kwa njia ya duka.

Wapo wachache wanaotaja uzito wao, umbo la nyayo zao na kilomita walizokimbia, na hao ndio ninaowasoma. Lakini hata wao huandika wakidhani una duka la aina fulani: unajaribu jozi nne, unakimbia kidogo ukumbini, unaenda nazo nyumbani, zikikusumbua unazirudisha. Wengi wetu raba hutufikia jozi moja moja, saizi moja, rangi moja, na ukishalipa umelipa.

Halafu tazama picha. Barabara nyekundu, ukungu wa asubuhi, wakimbiaji wembamba kwa safu. Ni Iten hiyo, au Kaptagat. Sisi ndio tunaopamba ukurasa, lakini anayezungumziwa humo yuko mbali. Kijana wa Kayole anasoma mapitio yenye picha ya kwao ili kujua jinsi raba inavyofanya kazi kwenye njia za watu wengine.

Kitabu kilichoitikisa lugha hii kuliko vingine ni Born to Run cha Christopher McDougall, kilichotoka mwaka 2009. Kinaanza mahali sahihi kabisa: mguu wa mwandishi unauma na anataka kujua kwa nini. Kutoka hapo anatupeleka kwenye mabonde makubwa ya kaskazini mwa Mexico, kwa watu waitwao Tarahumara, wenyewe hujiita Rarámuri, wanaokimbia masafa marefu ajabu kwa ndala zilizokatwa kutoka kwenye matairi. Msomaji wa Kenya akifika hapo lazima asimame kidogo. Kwani si hizo ni akala tu? Zilezile ambazo babu alivaa akichunga, na ambazo bado zinakatwa na kuuzwa sokoni hapa bila mtu kuziandikia kitabu.

Kama hadithi, manze, ni tamu. Kuna shujaa wa ajabu, kuna korongo, kuna mbio za mwisho ambazo utazisoma ukiwa umesimama. Tatizo ni mahali ambapo hadithi inageuka kuwa hoja. Mguu mmoja uliouma unakuwa ushahidi kwamba viatu vinene vimewaharibu binadamu wote, na dawa ya mtu mmoja inaandikiwa kila mtu. Wasomaji waliamini. Wengine walivua viatu, na wengi zaidi walinunua viatu vya kufanana na kutovaa viatu, hasa vile vyenye mifuko mitano ya vidole vya kampuni ya Vibram. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilikubali kutoa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja waliosema faida za kiafya zilizotangazwa hazikuwa na msingi, ingawa haikukiri kosa. Kitabu cha kuwasifu watu wasiohitaji raba kikawa tangazo zuri la aina nyingine ya raba.

Na Kenya iliingizwa humo humo. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliowahusisha, miongoni mwa wengine, wakimbiaji wa Bonde la Ufa waliokua wakikimbia miguu mitupu. Wengi wao walitua kwa sehemu ya mbele ya wayo. Stori ikaenea dunia nzima: Mkenya hutua hivi, nawe utue hivi. Mwaka 2013 ukatoka utafiti mwingine, katika jarida la PLoS ONE, uliowatazama Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, ambao nao wamezoea kwenda peku. Walipoachwa wakimbie kwa mwendo wao wa kawaida, wengi walitua kwa kisigino. Hao pia ni Wakenya, tena wasiovaa viatu. Nimekutana na ule utafiti wa kwanza katika makala nyingi nisizoweza kuzihesabu. Wa pili nimeukuta mara chache sana, na kila mara chini kabisa ya ukurasa. Mwendo, ardhi na mazoea vyote hubadilisha jinsi mtu anavyotua, lakini sentensi hiyo haiuzi.

Tuna tabia hiyo hata sisi wenyewe. Kila mtu anajua kwamba Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu, kwa saa 2:15:16. Miaka minne baadaye, Tokyo, alishinda tena kwa saa 2:12:11, akiwa amevaa viatu. Hiyo ya pili haina bango ukutani.

Shoe Dog, kumbukumbu za Phil Knight zilizotoka mwaka 2016, zimeandikwa vizuri zaidi na zinajidanganya kidogo zaidi. Ni kitabu cha madeni: benki, meli za mizigo kutoka Japani, kesi, wasiwasi wa mshahara wa Ijumaa. Ukikisoma kama hadithi ya biashara hutakiacha. Lakini ndani yake mtu ninayemkumbuka ni Bill Bowerman, kocha wa Oregon, aliyekuwa akivirarua viatu vya wanariadha wake na kuvishona upya, na ambaye alimwaga mpira kwenye chombo cha mkewe cha kuokea keki za vishimo ili apate soli yenye kushika ardhi. Mzee huyo anatazama mguu wa mtu anayemjua jina. Kadiri kampuni inavyokua kurasa za mguu zinapungua na kurasa za mauzo zinaongezeka. Sidhani Knight alikusudia tuligundue hilo, ila liko wazi.

Tangu wakati huo hadithi kubwa imekuwa ya rekodi. Vienna, Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40 akiwa na raba ya majaribio yenye bamba la kaboni. Mapema 2020 shirika la riadha duniani likaweka mipaka: soli isizidi milimita 40, bamba liwe moja. Septemba 2023 Tigst Assefa alivunja rekodi ya wanawake Berlin kwa saa 2:11:53, akavua kiatu na kukiinua juu. Kiatu hicho, Adizero Adios Pro Evo 1, kina gramu 138, bei yake ilikuwa dola 500, na Adidas yenyewe ilisema kimetengenezwa kwa marathoni moja tu pamoja na muda mfupi wa kukizoea. Wiki mbili baadaye, Kelvin Kiptum alikimbia Chicago kwa saa 2:00:35.

Napenda mbio hizo kama mtu yeyote, na kumbukumbu ya Kiptum bado inauma. Ninacholalamikia ni kwamba raba ya siku moja imemeza lugha ya raba ya kila siku. Sasa hata kiatu cha kukimbilia polepole Jumanne jioni, ukiwa umechoka na kazi, kinasifiwa kwa maneno ya Vienna: kasi, mlipuko, kukusukuma mbele. Ukiwa unakimbia kilomita moja kwa dakika saba, husukumwi popote. Unachohitaji ni kitu cha kukubeba mara elfu kadhaa kwa saa bila kukuchubua. Hata wanaoshikilia rekodi hufanya kilomita nyingi kwa upole na raba nzito za kawaida, na picha za raba hizo hazipigwi.

Kwa miaka mingi maduka yalikuwa na jibu la kisayansi, au lililofanana na sayansi. Wanatazama tao la wayo wako, wanasema mguu unalalia ndani, wanakupa kiatu cha kuuzuia. Jeshi la Marekani lililijaribu jibu hilo kwa wanajeshi wapya katika mafunzo ya msingi: kundi moja likapewa viatu kulingana na umbo la wayo, kundi jingine aina moja kwa wote. Jaribio lilirudiwa katika vikosi vitatu. Kuwachagulia viatu kwa umbo la wayo hakukupunguza majeraha kwa namna ya maana. Baadaye, mwaka 2015, Benno Nigg wa Calgary, Kanada, ambaye alikuwa ameutafiti mwendo wa wakimbiaji kwa miongo kadhaa, alipendekeza na wenzake wazo linaloonekana la kitoto: mwili wenyewe huchuja. Kiatu unachokisikia kimetulia mguuni huenda ndicho kinachouacha mguu upite njia yake ya asili. Ni pendekezo, si sheria. Ila baada ya kusoma mengi sijakutana na kigezo kingine kinachomheshimu mnunuzi namna hiyo.

Hapa mapitio yanakwama, kwa sababu starehe ya mguu ni ngumu kuandika. Ni yako peke yako, kama kunguni wa kitanda ulichokilalia. Lakini nashuku ugumu mwingine ni wa lugha iliyotumika. Kiingereza cha matangazo kinatoa sifa za kitu. Kiswahili, ukikisikiliza sokoni, kinatoa vitendo vya kiatu juu ya mguu. Kiatu kinakaa au hakikai. Kinabana. Kinapwaya. Kinachubua kisigino, kinafinya kidole cha mwisho, kinachoma unyayo. Mtu akisema "kimenikaa" amekwisha kukuambia kwamba kiatu hicho na mguu huo vimepatana, na hajadai kwamba kitakukaa wewe. Na kati ya kubana na kupwaya kuna nafasi ndogo sana ambayo ndiyo mada nzima. Sijui kwa nini tukianza kuandika kuhusu raba tunayaacha maneno haya nje ya mlango na kuanza kusema "uzoefu wa hali ya juu".

Uhakiki bora wa raba niliowahi kuusikia Nairobi ni wa mdomo. Nenda Toi au Gikomba asubuhi umtazame muuzaji akifanya kazi. Anakiinua kiatu, anakikunja mbele, anabonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba, anakigeuza uone chini. "Hii ni kamera, kastoma, cheki soli." Nusu ni chumvi, sawa. Lakini ni uhakiki unaonyesha ushahidi wake, na unaruhusiwa kubisha huku umekishika.

Basi bisha vizuri. Weka jozi juu ya meza iliyonyooka, itazame kwa nyuma. Ikiwa kimoja kimelala upande, mwenye kiatu wa kwanza amekuachia mwendo wake, na goti lako halikuuomba. Bonyeza povu: lisiporudi, au likiwa gumu kama mkate wa juzi, limekufa hata kama rangi inang'aa. Povu huzeeka likiwa limekaa tu, kwa hivyo chungulia ndani ya ulimi wa kiatu. Raba nyingi zina kibandiko kidogo chenye tarehe ya kutengenezwa. Pitisha kidole ndani ya kisigino. Kitambaa kikiwa kimetoboka hapo, utavuna malengelenge. Kisha toa kile kitanda cha ndani, kiweke chini, ukanyage. Wayo wako ukimwagika pembeni, kiatu ni chembamba kwako, na hakuna muuzaji atakayekipanua kwa maneno ya "itafunguka tu". Kipimo hiki hakuna mapitio yatakayokufanyia, hata yawe na picha ngapi.

Ukijaribu, jaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kama utakavyovimba ukikimbia, na uvae soksi zako za kukimbilia, si zile za mfuko wa nailoni unazopewa pale. Simama, usikae. Acha upana wa kidole gumba mbele ya kidole chako kirefu zaidi, ambacho kwa wengine ni cha pili. Funga kamba, shuka mteremko wowote ulio karibu: vidole vikigonga mbele kwa hatua kumi, vitagonga kwa kilomita kumi. Jaribu miguu yote miwili na ufuate ule mkubwa. Namba iliyoandikwa isikusumbue. Saizi 42 ya kampuni moja ni 43 ya jirani yake.

Mtumba ni kamari, sitakudanganya. Ushauri wa kawaida ni kwamba raba huchoka kati ya kilomita 500 na 800, na hujui Mjerumani gani alizitumia ngapi kabla ya bale kufungwa. Feki nazo zimejaa, mpya na zinanukia gundi. Lakini kuna jambo linalowapa nguvu wenye pesa kidogo. Utafiti wa Luxembourg uliowafuatilia wakimbiaji 264 kwa wiki 22 uliona kwamba waliobadilishana jozi zaidi ya moja waliumia kidogo kuliko waliong'ang'ania jozi moja. Huenda ni kwa sababu kila raba hubebesha mwili kwa namna yake. Kwa akili yangu, jozi mbili za mtumba zilizokukaa, za maumbile tofauti, zinamshinda mwanzilishi aliyefunga macho na kununua moja ya 18,000 kwa sababu ya aya nzuri.

Na zile zinazotoka kwetu? Enda ilichangisha pesa mtandaoni mwaka 2016 na ikaanza na raba iitwayo Iten, kisha ikaja Lapatet, neno la Kikalenjin lenye maana ya kukimbia. Nafurahia jina kutoka hapa kupewa kitu cha hapa. Lakini maandishi yaliyoizunguka, hasa ya magazeti ya nje, yalikuwa karibu yote kuhusu nchi: nyanda za juu, mabingwa, ajira. Yote mema. Nilitafuta mtu aniambie kama sehemu ya vidole ni pana, nikapata aya tatu kuhusu machweo ya Bonde la Ufa.

Kwa kuwa nimekosoa mno, acha niandike mapitio moja jinsi ninavyotaka yaandikwe, kisha mnikosoe nami.

Jina la raba haliwasaidii, kwa sababu ilikuwa jozi moja Toi na ninayo mimi. Mwandishi ana kilo 74, wayo mpana mbele na mwembamba kisiginoni, kilomita moja kwa dakika sita na nusu akiwa hajanyeshewa. Nimezivaa miezi minane, mara tatu kwa wiki, Ngong Road siku za kazi na Karura Jumapili. Zinakaa vizuri mbele. Kisigino kilikuwa kinapwaya hadi nilipopitisha kamba kwenye lile tundu la mwisho la juu ambalo kila mtu huliacha. Kwenye lami zina uzito lakini hazinichomi unyayo. Kwenye murram mkavu ziko poa. Vijiwe vidogo huingia kwenye mifereji ya soli na inabidi nivitoe kwa ufunguo. Kwenye udongo mwekundu uliolowa zinateleza, tena kwa ghafla. Baada ya kilomita kumi na mbili kidole kidogo cha kulia huanza kufa ganzi, kwa hivyo siendi kumi na tatu. Muuzaji alianza na 3,500, nikazichukua kwa 2,800. Ubavu wa nje wa soli umeanza kulika, na Jumamosi narudi kuangalia kama kuna za kubadilishana nazo.